Theluji ya Mlangoni kwa Bi Sungura

Paukwa.

Pakawa.

Niwapeleke wapi?

Kaskazini.

Basi jifunikeni, huko kuna baridi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji mdogo wa wanyama, kaskazini kabisa. Huko theluji huanguka kama unga unaopepetwa. Mkuu wa mji alikuwa Dubu, naye ndiye aliyeamua kesi. Lakini Dubu hulala msimu wote wa baridi, kwa hiyo kesi za baridi humsubiri aamke.

Bi Sungura alikaa mlimani na watoto wake. Chini yake alikaa Mbweha, katika nyumba iliyochimbwa ardhini. Chini ya Mbweha alikaa Mbwamwitu, ambaye hachezewi.

Mwaka huo ikaja dhoruba. Theluji ikaanguka, ikaanguka, mpaka madirisha yakazibwa.

Dhoruba ilipotulia, Mbweha alitaka kusafisha uwanja wake. Kuitupa theluji kwa Mbwamwitu aliogopa. Akaipakia mkokotenini, akaipandisha mlima, akaimwaga mlangoni kwa Bi Sungura.

Karoti za Bi Sungura zilikuwa ghalani, nje. Asipotoka, watoto hawali. Akachimba, akatoka, akamwambia Mbweha, "Jirani, theluji hii ni maji."

Mbweha akacheka. "Nenda kanishtaki. Dubu akiamka, ushahidi utakuwa umeyeyuka."

Dhoruba ikarudi. Mbweha akapakia, akapandisha, akamwaga. Bi Sungura akachimba, akatoka, akasema, "Jirani, theluji hii ni maji." Mbweha akamjibu kwamba hata yeye anajua hivyo.

Mara ya tatu theluji ilifika juu ya mlango. Watoto walilia njaa. Bi Sungura akapanda ndani ya bomba la moshi, akatokea juu ya paa, mweusi kwa masizi.

"Habari za asubuhi, Mama Kunguru," Mbweha akasema.

"Nzuri, jirani. Theluji hii ni maji, na wewe unakaa chini."

Akaenda ghalani, akawalisha watoto. Wenzake walimshauri amrudishie Mbweha mzigo wake. Akasema hana haja, mzigo unaijua njia.

Jua likatoka. Rundo la mlangoni likaanza kudondoka, kisha kutiririka, kisha kushuka mlima kwa kelele. Lilipita uwanjani kwa Mbweha, likaingia ndani. Kitanda kikaelea. Samaki wake wakavu wakaondoka mmoja mmoja, kama walio hai.

Mbweha akakimbia kwa Dubu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameamka, anakunywa uji. Mji mzima ukakusanyika, Bi Sungura naye akaja, na Mbweha akamshtaki kwa kummwagia maji nyumbani.

Dubu akauliza maji yametoka wapi.

"Mlangoni kwake, mkuu. Palikuwa na rundo la theluji, refu kuliko mlango."

"Theluji ya mji mzima iliangukia mlangoni kwake?"

Hapo Bi Sungura akaeleza yote, hata maneno ya Mbweha kuhusu ushahidi. Wanyama wote wakamtazama Mbweha. Mbwamwitu akakohoa.

Dubu akaweka bakuli chini. "Ulisema ushahidi utayeyuka. Umeyeyuka kweli, ukarudi kwako." Akaamua kwamba kila dhoruba ikipita, Mbweha asafishe kwanza mlango wa Bi Sungura, ndipo asafishe wake. Mpaka leo, huko kaskazini, yeye huamka wa kwanza na sepetu begani.

Wanangu, mzigo unaomtupia jirani mpole bado ni wako. Mwamuzi akilala, kosa halilali.

Hadithi yangu imeyeyuka hapa. Tamu yake bebeni, baridi yake niachieni mimi.