Wino wa Mwalimu Anaeli

"Ukurasa wa kwanza si wino wa kwanza." Mmeyasikia maneno hayo leo kwa kiongozi wa kwaya, alipowaona waimbaji wakongwe wamenuna kwa kuwa mwimbaji mgeni amepewa kuanzisha wimbo. Sasa mnaniuliza nani aliyeyasema kwanza. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yalitoka kwenye chuo cha wainjilisti huku huku kwetu Upare, na mimi nilikuwapo, maana nilikuwa karani wa chuo hicho. Yalianza namna hii.

Mwalimu wa Agano Jipya pale chuoni alikuwa Anaeli Mchome. Alifundisha somo hilo peke yake kwa miaka ishirini na mitano. Nusu ya wainjilisti wa milima hii walipita mikononi mwake. Alipoingia darasani wanafunzi walisimama kabla hajafika mlangoni, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Kisha akaletwa mwalimu wa pili, Yunesi Msangi, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mpole, aliyesoma hata Kigiriki. Wanafunzi waligawanywa, mwaka wa kwanza wakabaki kwa Anaeli, mwaka wa pili wakaenda kwa Yunesi.

Wiki mbili tu zikatosha. Darasa la Yunesi likawa na vicheko. Kipindi kilipokwisha wanafunzi hawakutoka. Walimzunguka mezani wakiuliza, na yeye akiwauliza wao. Chumba cha Anaeli kilikuwa ng'ambo ya uwanja, dirisha kwa dirisha. Nilikuwa nikimpelekea barua za chuo namkuta amesimama pale dirishani, chai imepoa mezani, anahesabu waliobaki kwa mwenzake.

"Namsifu," aliniambia siku moja, "lakini mimi walinizunguka hivyo lini?"

Wivu ni ugonjwa ambao mgonjwa hapendi upewe jina lake.

Siku moja Yunesi aliwafundisha wanafunzi wake kwamba vitabu vya Agano Jipya havikupangwa kwa kufuata kipi kiliandikwa kwanza. Mathayo anafungua, lakini barua za Paulo zilitangulia kuandikwa. Ile ya kwanza kwa Wathesalonike, wataalamu wengi wanaikadiria kama miaka ishirini tu baada ya Bwana kupaa, na Injili zikafuata baadaye. Aliwaambia pia kwamba wataalamu wanabishana, na kwamba miaka hiyo ni makadirio, hakuna aliyeikuta imeandikwa juu ya jalada.

Wanafunzi walitoka nayo kama watu waliookota lulu. Jioni hiyo waliisema bwalani, na wale wa mwaka wa kwanza wakaibeba hadi kwa Anaeli asubuhi.

"Mwalimu, ni kweli barua za Paulo zina umri mkubwa kuliko Injili?"

Anaeli aliuliza, "Nani kasema?"

"Mwalimu Yunesi."

Laiti wangetaja jina jingine. Aliufunga ule mlango wa darasa, akasema kwa ukali, "Mathayo ni wa kwanza kwa sababu Mungu alimweka wa kwanza. Anayefundisha vingine anabomoa imani yenu." Mchana ule ule akanipa barua niipige chapa kwenda kwa bodi. Ilisema mwalimu mpya anapotosha wanafunzi, ikaomba aondolewe. Niliipiga shingo upande.

Bodi ilikaa siku ya Jumanne asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Eliamini Mshana, mzee mwenye haki lakini mwoga wa mafundisho mageni. Walimu wawili waliketi wakitazamana, mimi nikiwa pembeni naandika. Sote tulijua Yunesi akishindwa atafungasha siku hiyo hiyo, na hapakuwa na chuo kingine ambacho kingempokea mtu aliyefukuzwa kwa upotofu.

Mchungaji akauliza, "Mama Yunesi, unawafundisha vijana wetu kwamba Injili ni hadithi za kutungwa baadaye?"

"Hapana, Baba Mchungaji. Nawafundisha kwamba habari ilitangulia karatasi. Marehemu mama yangu alipata cheti cha kuzaliwa akiwa na wajukuu. Cheti kilichelewa, lakini mama alikuwa amezaliwa."

Mjumbe mmoja alicheka, akajizuia.

"Naye Luka," Yunesi akaendelea, "anaanza kwa kusema watu wengi wameandika kabla yake. Yeye mwenyewe haoni aibu kuwa wa nyuma."

Anaeli akagonga meza. "Maneno ya ugenini hayo! Muulizeni kayatoa kwa nani."

"Swali la haki," Mchungaji akasema. "Ni nani aliyekufundisha haya, mama?"

Yunesi alimtazama Anaeli kwa huruma, nami nikamwona mama yule anapima jambo moyoni. Mwishowe akafungua mkoba, akatoa daftari kuukuu, jalada limeshikizwa kwa uzi. Hakumpa mwenyekiti. Alisimama, akazunguka meza, akaliweka mbele ya Anaeli.

"Ni la marehemu kaka yangu, Elinisafi," akasema taratibu. "Alisoma hapa. Nilikuwa darasa la saba alipolileta likizo, nikalisoma mpaka nikalikariri. Ndilo lililonipeleka kusoma Kigiriki. Mwalimu, ukipenda lifunge tu, nami nitaondoka bila neno."

Anaeli alilifungua. Niliona uso wake ukibadilika. Maandishi yalikuwa ya mwanafunzi, lakini maneno yalikuwa ya Anaeli mwenyewe, aliyoyatamka darasani alipokuwa bado kijana, kabla hajaanza kuhesabu nani anazungukwa na nani hazungukwi. Angeweza kulifunga. Sisi wengine tulikuwa hatujui kilichomo.

Akasoma kwa sauti. "Msidanganywe na mpangilio. Mathayo anafungua kitabu, lakini Paulo alitangulia kuchovya kalamu. Ukurasa wa kwanza si wino wa kwanza. Mwalimu A. Mchome."



"Basi nilijua," Anaeli akasema. "Baba Mchungaji, nililijua siku zote. Nililikataa kwa sababu limetoka kinywani mwake na wanafunzi wakalipenda. Nimemwonea wivu, na wivu ukanifanya niwadanganye watoto wa watu. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi."

Yunesi ndiye aliyejibu, kabla ya mwenyekiti. "Ukiondoka wewe nitamuuliza nani? Watu wanaona mimi ndiye niko mbele. Mimi ni ukurasa tu, Mwalimu. Wino ulikuwa wako."

Mzee Anaeli akafunika uso, akalia mbele ya bodi nzima.

Hakuondolewa mtu. Kesho yake Anaeli alisimama mbele ya mwaka wa kwanza akafuta alichowafundisha, akawasomea maneno ya daftari lile. Msidhani wivu ulimtoka siku moja. Miezi mingi baadaye vicheko vya ng'ambo ya uwanja bado vilimchoma, na aliniambia hivyo mwenyewe. Ila alipochomwa aliondoka dirishani, akavuka uwanja, akaenda kukaa benchi la nyuma katika darasa la Yunesi. Wanafunzi ndio walioyabeba maneno yale hadi vijijini, wakaanza kumwambia kila aliyeumia kumwona mwenzake mbele: huenda huyo unayemwonea kijicho ameandikwa kwa mkono wako. Naye aliyeko mbele wakamwambia asijisahau, maana yupo aliyemtangulia. Ndiyo maana tunasema mpaka leo: ukurasa wa kwanza si wino wa kwanza.