Wau Iliyoliwa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa wafumaji nguo, ambao jina lake halikuhifadhiwa, aliishi mja mwema akiitwa Mwalimu Haidari. Asubuhi alisomesha Kurani, na baada ya sala ya Alasiri aliketi kwenye baraza ya msikiti akiwasomea watu barua zao. Kwa miaka thelathini hakuna aliyepata kumwambia, "Mwalimu, hapo umekosea." Na sifa hiyo, Mungu amsamehe, alikuwa akiipenda kupita kiasi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye hakumwambia mtu.

Mwaka huo mji ulipata Liwali mpya. Yule wa kabla yake alikuwa amewakamua watu kwa ushuru wa vitanda vya mfumi, ile mitambo ya mbao wanayofumia nguo. Huyu mpya alimcha Mungu, akaona kilichochukuliwa kwa dhuluma kirudi kwa wenyewe. Akaandikisha barua, moja kwa kila nyumba, kila moja na muhuri wake: "Atakayekutwa na kitanda cha mfumi siku ya mwezi mosi, atalipwa reale mbili."

Watu wakazipeleka barua kwa Mwalimu. Akaifungua ya kwanza, akaisogeza karibu na pua, akasoma: "Atalipa reale mbili."

Baina ya kulipwa na kulipa, ndugu yangu, pana herufi moja tu, wau, ile w ya hati ya Kiarabu, yenye kijichwa na kijimkia kama kiluwiluwi. Mwalimu aliila. Wala hapakutokea hata mmoja wa kumwomba arudie, kwa sababu serikali ikidai, nani huitaka ushahidi? "Nilijua tu," alisema mzee mmoja, akaondoka zake. Mwingine alikwenda kukifungua kitanda chake mbao mbao na kukificha darini. Wengine walimlaani Liwali ambaye hawajapata kumwona.

Palikuwa na mjane, Mwana Shekue, aliyelea mayatima wawili kwa kitanda kimoja alichoachiwa na mumewe. Aliisikia barua yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, reale mbili sina. Nisipokuwa na kitanda, watanidai?"

"Barua inasema atakayekutwa nacho," akajibu Mwalimu.

Basi jioni ile ile akakiuza kwa mchuuzi mgeni, kwa nusu ya thamani yake, na mgeni akakibeba hadi alikofikia, akasema atasafiri nacho Jumamosi alfajiri. Barua yake Mwana Shekue aliiacha pale pale barazani. Angeipeleka wapi?

Ijumaa asubuhi Mwalimu aliiokota, akaketi nayo mlangoni kwake, juani. Akaisoma kwa utulivu, na wau ikamtazama usoni.

Nafsi ikamjia na maneno matamu. Nyamaza, ikamwambia, mwezi mosi u karibu, watu watalipwa, watafurahi, na katika furaha nani atakumbuka ulivyosoma? Na kweli wengi wasingekumbuka. Ila siku hiyo Mwana Shekue hangekuwa na kitanda, wala reale, wala kazi ya kuwalisha wanawe.

Baada ya sala ya Ijumaa Mwalimu akasimama mbele ya watu. "Enyi waumini, wau nimeila mimi. Imeandikwa atalipwa. Barua ya kwanza niliisoma vibaya, na zilizofuata sikuzisoma kabisa, niliyarudia yale yale. Macho yangu yamechoka, nami niliona haya kuwaambia. Nisameheni."

Yule mzee wa "nilijua tu" akasema kwa upole, "Mwalimu, tangu lini serikali ikarudisha? Macho ni hayo hayo ya juzi. Huenda leo ndiyo yamekosea." Watu wakaitikia kwa vichwa, wakatawanyika kwa huruma. Kumbe miaka thelathini ya heshima ilikuwa imemtoka mkononi, na asiipate hata faida ya kuaminiwa.

Hakukata tamaa. Alimwendea mchuuzi na kumweleza yote.

"Biashara imekwisha, Mwalimu," mgeni akasema. "Lakini nikiona faida, nauza hata sasa."

Mwalimu alikuwa na kidau cha wino cha fedha, zawadi ya marehemu mwalimu wake, na hakuwa na kingine cha thamani. Akakitoa. Kabla ya Magharibi kitanda kilikuwa mlangoni kwa Mwana Shekue.

"Mwalimu, nitakulipa nini?" akauliza mjane, machozi yakimlengalenga.

"Unilipe nini, mama? Nimerudisha nilichokunyang'anya. Unisamehe."

Siku ya mwezi mosi wajumbe wa Liwali waliingia na mfuko. Wa kwanza kulipwa alikuwa Mwana Shekue, naye alikuwa akifuma. Mji mzima ukasikia mbao zikishuka madarini, na wanaume wenye ndevu zao wakigombea kamba za kufungia vitanda. Alhamdulillahi, wajumbe walikuwa na subira.

Mwalimu alikwisha kuwaambia watu watafute msomaji mwingine. Lakini barua ya Liwali ilipokuja tena, mwaka uliofuata, wote walikwenda kwake. Aliitoa juani, akaweka kidole chini ya kila herufi, akaenda mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Watu wakangoja.

"Safari hii ni mtalipa," akasema. "Wau haimo. Nimeitafuta sana."

Wakacheka, na wakalipa bila ya mtu kunung'unika.

Ewe unayeyasoma haya kwa macho mazima, mshukuru Mola wako kwa neema hiyo, na muombe akupe ulimi wa Mwalimu Haidari siku utakayokosea. Nami namuomba anipe vilevile, kwani sijui ni herufi ngapi nimekwisha kula.