Mlangilangi Ulipojifunza Kuinama

Hapo kale, miti ilipokuwa bado ikisikia maneno ya watu na kuyatii, mlangilangi haukuinamisha tawi hata moja. Ulisimama wima, matawi yote yakitazama mbinguni, na maua yake ya manjano yakichanua huko huko kileleni. Harufu ilikuwa ya ndege. Watu wa chini walipata makombo, tena upepo ukipenda.

Zama hizo, katika kijiji cha Mitondooni, aliishi bibi mmoja akiitwa Mize. Siku mjukuu wake Zuwena alipozaliwa, Bi Mize alipanda mche wa mlangilangi uani, kama ilivyokuwa ada. Maua ya biharusi yalipaswa kutoka kwenye mti wa bibi yake, yachumwe kwa mkono wa bibi mwenyewe, bila upondo wa kuangulia wala kumpandisha mtu mwingine. Biharusi asiye na kikuba cha maua hayo kifuani hakutolewa ndani.

Bi Mize aliulea mche ule kuliko alivyowalea wanawe wa kuzaa. Alichimba shimo pana, akatia samadi iliyooza vizuri, akaukinga na jua kwa makuti, akatandaza majani makavu shinani ili udongo usikauke. Kosa lake lilikuwa ulimi. Jirani yake, Bi Fumu, naye alikuwa na mche, lakini mbuzi aliutafuna kilele, ukadumaa, mwisho ukafa. Basi kila jioni Bi Mize alimwagilia wake huku akisema kwa sauti ya kuvuka ua, "Panda juu, mwanangu! Juu zaidi! Usije ukawa kama wa watu fulani!"

Bi Fumu alisikia, akasonya, akaingia ndani. Na mti, kwa kuwa ulikuwa mtoto msikivu, ukapanda.

Zuwena akakua, akaposwa. Asubuhi ya harusi, ngoma zikiwa zimeshaanza, Bi Mize alitoka na pakacha lake, akainua macho. Maua yalikuwa tele, ila tawi la chini kabisa lilikuwa limepita paa la nyumba. Kupanda hakuweza, magoti yalikuwa yameshachoka.

"Inama, mwanangu," akasema.

Mti haukutikisika. Neno hilo haukuwahi kufundishwa.

Akabembeleza, akafoka, wapi! Ndani, Zuwena alikuwa ameketi na hina yake mikononi, akiuliza mbona bibi harudi. Bi Mize akalia kwa uchungu, maana angemwambia nini mtoto wa watu siku yake kubwa? Akafuta machozi, akarusha kamba juu ya tawi, ikanasa. Akavuta kwa nguvu zake zote. Tawi likashuka kidogo, kisha likarudi juu na yeye mwenyewe, miguu ikielea hewani.

"Bi Fumu!" akapiga ukelele. "Shoga, njoo unishike!"

Bi Fumu akachungulia juu ya ua, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Leo watu fulani wamekuwa wa maana?"

"Nimekukosea, mwenzangu, tena sana. Nicheke baadaye, sasa vuta!"

Bi Fumu akaja mbio, akaidaka kamba. "Taratibu basi. Ukivuta kwa hasira utalivunja."

Wakaning'inia wote wawili, vikongwe wazima, wakicheka kama wasichana kwenye bembea. Tawi likashuka polepole, nao wakalifunga kwenye jiwe la kusagia la Bi Fumu. Mti ulikuwa umezoea kusikia majivuno shinani pake, kicheko haukuwahi kukisikia. Ukakipenda. Matawi mengine, bila kufungwa na mtu, yakaanza kuteremka moja moja ili yasikie vizuri, mpaka maua yakagusa vichwa vya bibi wale.

Bi Mize akachuma, Bi Fumu akashika pakacha. Zuwena alipotolewa, harufu ilimtangulia mlangoni, na vigelegele vikafuata. Jioni waliifungua kamba, lakini tawi halikurudi juu.

Na tangu siku hiyo mlangilangi huinamisha matawi yake, ukitafuta mikono ya watu. Anayeulea hufunga mawe kwenye matawi machanga ili yakue yakielekea chini. Na jiwe la kwanza huenda kuliomba kwa jirani, hata kama uani kwake mawe yamejaa.