Nungu na Mzizi Uliomlaza

Paukwa!
Pakawa!
Nina kisa mdomoni, nikimeze?
Usimeze, tupe!

Hapo kale paliondokea nungu mmoja, jina lake Mwadime, na mkewe Nyevu. Mwadime alijua kuchimba mizizi, na kupiga soga alijua zaidi.

Siku moja alirudi akiyumba, akatapika, akalala kama gogo. Nyevu akamkanda, akamwuguza. Alipopona akasema, "Mke wangu, ni jua lile." Majirani walipokuja kumpa pole, jua likawa moto wa kuunguza mawe.

Akaenda tena kuchimba, akaanguka tena. Alipopona akasema, "Ni jicho la fisi." Mbele ya majirani, fisi akawa kundi zima.

Akaenda tena kuchimba, akaanguka tena. Safari hii alipoa mwili, Nyevu akalia akijiona mjane. Mwadime akafumbua macho. "Mke wangu, lilitokea zimwi..."

"Nyamaza, mume wangu," akasema Nyevu, machozi hayajamkauka. "Zimwi umelitia wewe ili kisa kinoge. Ukishakisimulia, unakiamini. Nawe utanifia. Twende ulikochimba."

Wakaenda, Mwadime akimwegemea mkewe.

"Ulisimama wapi?"
"Hapa."
"Ukala nini?"
"Mzizi."
"Mzizi upi?"
"Zimwi lili..."
"Mwadime!"
"Basi, sijui."
"Hapo sawa. Kama hujui, sema hujui. Sasa tutafute."

Mwadime akainama, akanusa udongo. Akaona kipande chenye alama za meno yake, na juu yake majani yenye manyoya. Ulimi ukamsisimka.

"Nyevu! Ulikuwa mchungu! Nilibugia kwa njaa, nikasahau."

Wakaenda kwenye mashimo ya safari mbili za nyuma. Huko nako, majani yale yale yenye manyoya.

Tangu hapo, Mwadime akirudi, humsimulia Nyevu kwanza, kabla ya majirani. Asubuhi humsimulia tena, naye Nyevu husikiliza kama kuna kilichoongezeka.

"Jana chatu alikuwa mmoja. Usiku amezaa?"

Mwadime hucheka, akamrudisha chatu kwenye idadi yake. Na watoto wao walipoanza kuchimba, aliwaonyesha majani yale. Hakuna hata mmoja aliyelazwa na mzizi ule.

Basi, wasikilizaji wangu, likikupata jambo, lirudie kabla hujalipamba, urudi lilikotokea ukaangalie, na usilolijua liache wazi.

Kisa kimefika kwao, nami nimefika kwangu. Hao nungu nawajua, walinipa makapu saba ya viazi.

Mke wangu ananikoholea. Haya jamani, lilikuwa moja.