Pini Zisizoitikia Salamu

Siku ya Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, gurudumu la maji la mji wa Ain Sidra lilisimama. Pini moja ilikuwa imekatika.

Inasimuliwa kwamba gurudumu hilo lilikuwa mali ya wakfu, nalo ndilo lililopandisha maji ya mto hadi msikitini na majumbani. Mhimili wake ulipita ndani ya pete mbili za chuma, na kila pete ilizuiwa isiteleze kwa pini tatu, kila moja urefu wa kidole. Pini zikikatika, pete huchomoka, na mti mzima wa gurudumu huwaangukia wanawake wafuao nguo chini yake. Alhamisi ile Mwenyezi Mungu alistiri: wafuaji walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Mtunzaji wa gurudumu alikuwa Bi Khulaida binti Wahb, mjane mcha Mungu, aliyerithi kazi na nyundo kwa marehemu mumewe. Hakutia pini yoyote mahali pake kabla ya kuilaza juu ya jiwe mbele za watu na kuipiga nyundo moja, kwa nguvu zake zote. Wenyeji waliita kitendo hicho kuisalimu pini. Ikilia na kubaki nzima, imeitikia. Ikivunjika, wamejua mapema.

Ijumaa msimamizi wa wakfu, Jabala bin Uthal, alileta mfuko wa pini mpya. Zilikuwa nyeusi, zimepakwa mafuta, na mfuko ulikuwa na muhuri wa liwali. Mji mzima ulijua kwamba muuzaji wa pini hizo ni shemeji yake Jabala.

"Tia hizi, binti Wahb. Watu wana kiu."

"Nizisalimu kwanza, bwana."

"Zimekwisha pigwa muhuri."

"Uliopigwa muhuri ni mfuko, bwana. Pini zenyewe hazijapigwa kitu."

Watu wakacheka. Jabala hakucheka. "Ukizigusa kwa nyundo hiyo, kazi huna, na nyumba ya wakfu unahama leo."

Bi Khulaida alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka ishirini na sita. Alisema Bismillahi, akainua nyundo. Pini ya kwanza ilivunjika vipande viwili. Akaweka ya pili, nayo ikavunjika. Alipoinama kuchukua ya tatu, Jabala alimwamuru askari aliyekuja naye amnyang'anye nyundo.

Jumamosi mitungi ilikuwa mikavu. Bibi yule alikuwa amekaa kando ya gurudumu, juu ya mkeka wake, vyombo vyake vimefungwa pembeni. Mchota maji mmoja, Zurara, alisimama mbele yake na kata tupu mkononi.

"Mama Khulaida! Tumeuteka uaminifu wako kwa kata, haunyweki!"

"Mkeo anafulia wapi, mwanangu?"

"Pale chini, siku zote."

"Basi tia pini wewe. Mfuko ule pale. Sikuzuii."

Zurara aliufungua mfuko, akatoa pini, akaigeuzageuza. Akatazama chini, kwenye mawe ya kufulia. Kisha akaokota jiwe akaipiga. Ikavunjika. Akaurudisha mfuko alipoukuta.

Tangu saa hiyo Jabala hakupata mtu wa kutia pini zake. Aliita maseremala wawili, na wote wawili walimwomba nyundo kwanza.

Jumapili alfajiri Bi Khulaida aliondoka kwa miguu kwenda kijiji cha wahunzi, mwendo wa nusu siku. Alichukua birika la shaba aliloolewa nalo. Jumanne mchana alirudi bila birika, na pini sita zimefungwa kwenye ncha ya ushungi wake.

Jabala alimzibia njia. "Nilikufukuza, wewe."

"Kwenye kazi na kwenye nyumba, bwana, na nimetoka. Lakini watakaopondwa huu mti ukianguka si wako wewe wala si wangu. Nitazisalimu mbele yako. Moja ikivunjika, nifunge."

Zurara akapenya kati ya watu, akampa nyundo aliyotoka nayo nyumbani kwake. Jabala aliwatazama waliosimama nyuma ya bibi yule, akasogea kando.

Bi Khulaida akapiga ya kwanza. Ikalia. Akapiga zote sita, na zote zikaitikia.

Enyi waumini, tuzingatie. Bibi huyu hakuombwa aibe wala aseme uongo. Aliombwa jambo dogo tu: anyamaze, aingize chuma kwenye tundu. Wengi wetu tumenyamaza kwa vitisho vidogo kuliko hicho, kisha tukaenda kusali. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe mkono usiotia mahali pake kitu ambacho haujakipima.

Gurudumu lilianza kuzunguka Jumanne hiyo, kabla ya Magharibi. Bi Khulaida hakurudishiwa nyumba. Alimrudishia Zurara nyundo yake, akachukua mtungi, akapanga mstari nyuma ya wengine.