Kombora la Nyani na Mayai ya Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, maana leo nimechoshwa na Nyani.

Pakawa!

Zamani sana, kabla nyani hawajawa na makalio mekundu, Kanga aliatamia mayai yake bondeni, kati ya kwa Nyani na kwa Ngiri. Mayai ya mwaka uliopita yote yaliliwa na nguchiro, kwa hiyo safari hii aliapa hanyanyuki mpaka yaanguliwe.

Nyani na Ngiri waligombea jiwe la chumvi. Wakatukanana, wakarushiana mawe, wakachoka. Ndipo Nyani akaunda kombora, akaja kumwonyesha Kanga, akijisifu mpaka povu likamtoka. Mkiani lina moto wa kulisukuma. Ubavuni lina mapezi ya kulikatisha kona. Tumboni lina baruti. Na kichwani lina pua inayonusa joto: Ngiri akienda kulia, nalo kulia, akienda kushoto, nalo kushoto.

"Na pua hiyo inamjuaje Ngiri?" Kanga akauliza.

"Kwa joto lake, mama."

"Mimi nimeatamia, baba. Joto langu je?"

Nyani akamwambia mambo ya vita awaachie wanaoyajua. Kanga akaguna tu.

Nyani akarusha la kwanza. Ngiri naye si mjinga. Alikuwa amewasha moto wa kuni pembeni, mwenyewe kajificha shimoni. Kombora likaufuata moto, likapasuka, nyasi zikaungua mpaka ukingoni mwa kiota. Kanga akakohoa moshi, akampigia Nyani kelele kutoka palepale kiotani. Nyani akasema ni bahati mbaya.

Akarusha la pili. Sasa Ngiri alikuwa amezama kwenye matope ya baridi. Kombora likanusa huku, likanusa kule, likamkosa Ngiri, likageukia kiota. Kanga alijua likimkuta pale, mayai yamekwisha. Akayaacha, akakimbia, kombora nyuma yake, akajitosa matopeni. Likapita juu, likapiga kichuguu. Lakini Kanga hakuthubutu kutoka. Alikaa mle kutwa nzima, huku mayai yake yakipoa.

Alipomwendea Nyani hakuwa na nguvu za kugombana tena. "Kitu chako hakijui adui, baba," alisema. "Kinajua joto." Nyani akamcheka.

Kwa la tatu, Nyani akaita ukoo mzima uje kutazama kutoka juu ya jiwe la chumvi. Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, na nyani mnawajua: baridi ikiwashika hukumbatiana. Wakawa rundo moja. Kombora likapaa, likanusa bonde zima. Hapakuwa na joto kama la rundo lile. Likageuka.

Nyani wakatimka wakipiga mayowe, lakini moto uliwawahi kwa nyuma. Ndiyo maana makalio yao ni mekundu mpaka leo. Jiwe la chumvi likawa vumbi, upepo ukalichukua.

Nyani akaja akichechemea, Ngiri akaja na matope yake, kila mmoja akitaka Kanga aseme nani ameshinda. Kanga alikuwa ameatamia tena. Alisogea kidogo.

"Wekeni masikio kwenye mayai haya," akasema. "Mkisikia kitu kinagonga, huyo ndiye aliyeshinda."

Wakainama, wakasikiliza mpaka jua likawa kali. Hakuna kilichogonga.

Basi wanangu, anayeunda kitu cha kuua kinachonusa joto, akumbuke kwamba kila aliye hai ana joto, na yeye mwenyewe yumo.

Hadithi yangu imerudi kiotani, hainyanyuki tena.