Koleo Lililoshiba Uongo

Sogeeni karibu, na kila mmoja afumbe mdomo, maana hadithi hii inahesabu meno.

Palikuwa na zimwi mng'oa meno, na chakula cha koleo lake kilikuwa uongo. Mize, mtoto wa miaka mitano, jino lake lilioza, mama yake akampeleka huko.

“Hutaumia hata chembe,” mama akasema. Koleo ukutani likarefuka kama mkono.

“Wala hatakugusa kwa chuma.” Likarefuka kama mwiko wa shughuli.

“Tunamsalimu tu, tunarudi.” Likagonga dari. Mize akajikojolea.

Mama akapiga magoti. “Litauma kidogo, mwanangu. Hata mimi naogopa. Nishike mkono.”

Koleo likanywea likawa dogo kama kibanio cha nywele. Jino likatoka, Mize akalia, akanyamaza.

Walipofika mlangoni, mama akacheka. “Si nilikwambia hutaumia?”

Nyuma yao, chuma kikaanza kurefuka.